Mzee Mbele ya Baraza: Fundisho juu ya Amri ya Nne na Amri ya Nane

Mungu alimpa Musa amri kumi juu ya mlima wa Sinai. Katika amri ya nne anaagiza baba na mama waheshimiwe. Katika amri ya nane anakataza kumshuhudia jirani uwongo. Wakatekumeni wengi hukariri amri hizo mbili mbalimbali, kama vile haziambatani. Lakini iko siku ambapo amri hizo mbili hukutana mahali pamoja: ni siku ile mzee wa kijiji anaposhtakiwa. Siku hiyo ndipo hujulikana ni nani aliyejifunza kwa midomo tu, na ni nani aliyejifunza kwa moyo.

Fundisho hili halihusu mashtaka makubwa ya kumwaga damu. Lahusu mambo madogo ya kila siku: mihogo iliyong'olewa shambani, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, matusi ya kisimani, kuku aliyepotea, deni lisilolipwa. Mambo hayo ni madogo kwa kijana mwenye nguvu. Kwa mzee yanaweza kuwa mauti. Kijana akilala usiku mbili ndani ya kasho, atatoka, ataoga, atasahau. Mzee mwenye kifua kibovu akilala usiku mbili juu ya sakafu yenye unyevu, pengine hatarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

I. Kwa sababu gani mzee hushindwa

Kwanza ni masikio. Mwulizaji anasema upesi, na watu wanapiga kelele. Mzee anasikia sauti tu, hasikii maneno. Anaulizwa, "Wewe ndiwe uliyechukua mihogo hii?" Naye anajibu, "Ndiyo, shefu." Hakuiba. Amejibu ndiyo kwa kuwa tangu utoto alifundishwa kwamba mkubwa hajibiwi hapana. Lakini neno lile limekwisha kuandikwa, nalo limegeuka kuwa ungamo.

Pili ni karatasi. Maneno yake yanaandikwa kwa Kifaransa, kisha anaambiwa atie kidole. Mzee anatia kidole chini ya maneno asiyoyajua. Hata kama yale yaliyoandikwa si yale aliyoyasema, yeye hawezi kuyasahihisha.

Tatu ni kumbukumbu. Mzee huweza kukumbuka vizuri njaa ya utoto wake, na kusahau mahali alipokuwa siku ya soko iliyopita. Akiulizwa mara tatu, anajibu namna tatu. Watu wanasema, "Anadanganya." Kumbe hadanganyi, ila siku zimechanganyika kichwani mwake.

Nne ni upweke. Mjane asiye na mtoto, kipofu, kiziwi, mtu asiye na akili timamu, hao hawana mtu wa kusimama karibu nao. Mwenye kuwashtaki anajua jambo hilo. Mara nyingine huwachagua kwa sababu hiyo hiyo.

II. Mfano

Uwekwe mfano mmoja, wa namna ya mambo yanayotokea katika vijiji vingi.

Kijana mmoja aliiba baiskeli ya mchuuzi, akakimbilia machimbo ya dhahabu. Mchuuzi akaenda kushtaki. Mapolisi wawili wakafika kijijini, wakamtafuta kijana, wasimwone. Basi wakamchukua baba yake, mzee mwenye kutembea kwa fimbo, wakisema, "Atakaa kasho mpaka mwanawe arudi." Watu wa kijiji walitazama tu. Wengine walisema, "Je, si mtoto wake? Na alipe baba."

Jioni katekista alisikia habari hiyo. Hakupiga kelele, wala hakukusanya vijana wenye mawe. Alimwita kiongozi wa shirika, akamwita na binti ya dada yake mzee. Wakachukua blanketi, uji wa moto na dawa ya kifua, wakaenda watatu. Walipofika walisalimu kwa heshima.

Katekista akauliza, "Shefu, tafadhali utuambie: mzee huyu anashtakiwa nini?"

Mkubwa wa kituo akajibu, "Mwanawe ameiba baiskeli, Mwalimu."

"Ndiyo, shefu. Na yeye mzee, ameiba nini?"

Mkubwa yule akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mlango wa kasho haufunguki bure. Katekista akajibu kwa upole kwamba pesa isiyoandikiwa karatasi ya kupokelewa hawataitoa, wala hawataki ugomvi. Wanaomba tu mambo mawili: mzee apewe blanketi na uji, na komanda apewe habari usiku ule ule. Wakabaki wameketi nje, mbele ya mlango, mpaka giza likawa nene.

Asubuhi komanda alifika. Akasoma mashtaka, akaona jina la kijana, asilione jina la mzee. Akaamuru mlango ufunguliwe. Mzee akatoka. Lakini kikohozi alichotoka nacho hakikumwacha mpaka mvua zilipokwisha.

Jambo halikuishia hapo. Shirika halikusema, "Mzee wetu ametoka, basi tumeshinda." Baiskeli ya watu ilikuwa imeibiwa kweli. Mdogo wake mzee akafunga safari mpaka machimbo, akamwona kijana, akamrudisha pamoja na baiskeli, gurudumu moja limevunjika. Kijana mwenyewe akasimama mbele ya baraza, akakubali kosa lake, akafanya kazi mpaka gurudumu likalipwa. Hivyo mwenye mali alipata mali yake, na mwenye kosa alibeba kosa lake, wala si mwingine.

III. Maandiko Matakatifu yafundisha nini

Katika Agano la Kale watu wa Israeli walikuwa na mezali yao: wazazi hula zabibu chungu, na meno ya watoto huingia ganzi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakataza kusema hivyo tena. Mungu alitangaza kwa kinywa chake kwamba mtoto hatachukua dhambi ya baba, wala baba hatachukua dhambi ya mtoto. Kila mtu atajibu kwa matendo yake mwenyewe. Basi anayemfunga baba kwa ajili ya mwana anapinga neno ambalo Mungu mwenyewe amelisema.

Kitabu cha nabii Danieli, katika sura ya 13, kinasimulia habari za Suzana. Wakubwa wawili wa baraza walimsingizia. Watu wote waliwasadiki kwa ajili ya cheo chao, na mwanamke yule akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti katikati ya njia, akawakemea watu kwa kumhukumu bila kuchunguza. Alifanya nini? Aliwatenga mashahidi wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani ulipowaona? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Uwongo ukajulikana. Danieli hakuwa na silaha wala mali. Alikuwa na swali moja jema, na uhodari wa kuliuliza mbele ya watu wote.

Katika Injili ya Yoane, sura ya 7, wakubwa walitaka kumhukumu Yezu naye hayupo. Nikodemo akawauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alilolitenda. Wakamdhihaki. Hata hivyo swali lake limebaki katika Injili, na dhihaka yao imewaaibisha mpaka leo.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alikuwa mshtakiwa. Alikamatwa usiku. Mashahidi waliletwa juu yake, na maneno yao hayakupatana. Akapigwa kofi kabla ya hukumu, naye akauliza anapigwa kwa sababu gani, kama alisema vizuri. Rafiki zake walikimbia. Petro alikuwa uani akiota moto, akasema kwamba hamjui. Kila mzee anayesimama peke yake mbele ya wakubwa, huku jamaa zake wakiota moto mbali, anafanana na Yezu usiku ule. Na katika sura ya 25 ya Injili ya Matayo, Bwana amesema wazi kwamba siku ya mwisho atauliza juu ya kifungoni: nani alikwenda kumtazama, na nani hakwenda.

IV. Sheria ya nchi yasema nini

Wengine hudhani kwamba sheria ya nchi iko kwa ajili ya wenye nguvu tu. Sivyo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina maneno mengi yanayomlinda mnyonge. Ni vema mkatekumeni ayajue.

Kifungu cha 17 chasema kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumfunga ni jambo la pekee. Chasema pia kwamba hakuna awezaye kukamatwa wala kuhukumiwa kwa kosa la mwingine, na kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe.

Kifungu cha 18 chaagiza kwamba anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoifahamu. Apewe ruhusa ya kuonana mara moja na jamaa yake ama na mtetezi wake. Polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48. Zikipita, afunguliwe ama apelekwe kwa wakubwa wa sheria wenye haki ya kumwuliza. Tena kila mfungwa atendewe kwa namna ya kulinda uhai wake, afya yake na heshima yake.

Kifungu cha 19 champa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe ama kutetewa na mtu anayemchagua. Na kifungu cha 49 chasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji ya mwili, ya akili na ya roho. Tarehe 3 Mei 2022 sheria nyingine ilitolewa kwa kulinda haki za watu wenye ulemavu. Na tangu tarehe 9 Julai 2011, kumtesa mtu ili aungame ni kosa la jinai.

Tena ijulikane kwamba deni peke yake si kosa la jinai. Asiyeweza kulipa deni huitwa kwa mwamuzi apangiwe namna ya kulipa, hatiwi kasho. Na makosa madogo huhukumiwa katika tribinali ya amani, mbele ya watu wote, na mtu asiyeridhika na hukumu ana haki ya kukata rufaa.

V. Masingizio ya uchawi

Kuna shtaka moja linaloanza kwa jambo dogo na kuishia kwa damu. Mtoto ameugua, radi imepiga, ng'ombe amekufa. Mtu anamtazama mjane mwenye macho mekundu, anasema, "Ni yeye." Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko, maana amepika kwa kuni miaka sitini. Mwaguzi anaitwa, jina linatajwa, vijana wanachukua mafuta na kiberiti. Mwaka wa 2021, katika jimbo la Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa hivyo na makundi ya watu.

Mkatekumeni ajue vizuri: anayetaja jina la mtu hivi bila ushahidi amevunja amri ya nane. Anayepiga ama kuchoma amevunja amri ya tano. Anayesimama na kutazama, naye angeweza kumwita katekista, kapita ama polisi, atatoa hesabu kwa Mungu. Sheria ya jinai ya Kongo pia inaadhibu wale wanaowajaribu watu kwa sumu ama kwa viapo vya uaguzi. Ugonjwa upelekwe kwa mganga wa hospitali, na huzuni ipelekwe kwa Mungu katika sala.

VI. Na kama mzee amekosa kweli?

Mzee pia ni mwana wa Adamu. Huweza kuiba, huweza kutukana, huweza kuhamisha mpaka wa shamba usiku. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 19, kinaagiza watu wasimame mbele ya mwenye mvi. Lakini katika sura hiyo hiyo kinamkataza mwamuzi kumpendelea maskini, kama kinavyomkataza kumpendelea mkubwa. Kwa hiyo kumlinda mzee si kumfichia kosa. Mjukuu anayeapa uwongo ili kumwokoa babu yake amefanya dhambi, hata kama alilia machozi ya upendo.

Basi, mzee aliyekosa asaidiwe kusema kweli, arudishe alichokitwaa, ama jamaa wamsaidie kulipa. Zakayo alimpokea Bwana nyumbani mwake, akaahidi kurudisha mara nne. Lakini adhabu ipimwe kadiri ya nguvu za mtu. Mwamuzi mwenye hekima huuliza: mzee huyu ataweza kulipa kwa namna gani bila kufa njaa? Haki haimtaki mzee afe kwa ajili ya kikapu cha mihogo.

VII. Mambo ya kufanya

Baraza likikutana kijijini kumsikiliza mzee, na iwe asubuhi, kabla ya jua kali. Apewe kiti, kivuli na maji. Akae karibu naye mtu anayemwamini, arudie maswali sikioni mwake, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu mmoja tu aulize, na kila swali liwe fupi. Akichoka, apumzishwe. Mashahidi wasikilizwe mmoja mmoja, kama Danieli alivyofanya.

Mzee akichukuliwa na polisi, mtu wa jamaa afuatane naye hata kituoni, aandike saa ya kukamatwa kwake, aulize kwa heshima sababu ya shtaka. Kabla mzee hajatia kidole, karatasi isomwe na kufasiriwa kwa lugha yake. Asipokubali yaliyoandikwa, aseme hivyo kabla ya kutia kidole. Apelekewe chakula, blanketi na dawa. Habari ipelekwe kwa padri wa misioni na kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo la askofu.

Mkristu asitoe hongo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikataa pesa ili asiruhusu vyakula vibovu viuzwe kwa watu. Aliuawa kwa ajili hiyo mwaka wa 2007, na Eklezia ilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye alikuwa mtumishi katika ofisi ya kuchunguza mali. Wakubwa wa vituo na waandishi wa korti nao wanaweza kuwa watakatifu katika kazi yao.

Na mtakatifu mlinzi wa watetezi ni Mtakatifu Ivo. Alizaliwa mwaka wa 1253 huko Bretagne, katika Ufaransa. Alijifunza sheria, akawa padri na mwamuzi katika baraza la askofu. Aliwatetea wajane na maskini bila malipo, hata watu wakamwita mtetezi wa maskini. Alikufa tarehe 19 Mei 1303, na Papa Klementi wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1347. Sikukuu yake ni tarehe 19 Mei.

Maswali na majibu

Swali: Amri ya nane inakataza nini?
Jibu: Inakataza kumshuhudia mtu uwongo, kumsingizia, na kumhukumu bila sababu.

Swali: Je, baba aweza kufungwa kwa kosa la mwanawe?
Jibu: Hapana. Mungu amekataza jambo hilo kwa kinywa cha nabii Ezekieli, na Katiba ya nchi inalikataza pia.

Swali: Anayenyamaza mzee akisingiziwa ana dhambi?
Jibu: Ndiyo, kama alijua kweli, naye aliweza kuisema.

Swali: Je, yafaa kusema uwongo ili kumwokoa mzee aliyekosa?
Jibu: Haifai. Yafaa kumsaidia kukiri kosa, kulipa, na kuombewa huruma.

Swali: Anayemtazama mfungwa anamtazama nani?
Jibu: Anamtazama Bwana wetu Yezu Kristu.

Azimio la juma

Kila mkatekumeni amtafute mzee mmoja wa kijiji chake asiye na mtoto karibu. Amsalimu, amchotee maji, ajue jina lake na ugonjwa wake. Maana siku ya mashtaka, asiyejulikana na mtu hana wa kumsemea.

Sala

Ee Bwana Yezu Kristu, uliyesimama mbele ya Pilato bila mtetezi, uwatazame wazee wetu wanaoshtakiwa. Uwape waamuzi moyo wa haki, uwape mashahidi ulimi wa kweli, utupe na sisi miguu ya kwenda kuwatazama. Siku utakapotuhukumu, utuonee huruma. Amina.